Hati ya Nyumba ya Jirani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza, ya kulaza vumbi tu.

Kurasa za matangazo ya mnada huletwa mezani kwangu kabla hazijaenda mtamboni. Naangalia majina, namba za viwanja na tarehe. Ni utaratibu wetu tangu gazeti liliposhtakiwa kwa kukosea jina la mdaiwa. Leo nimekuta mtaa wetu. Kiwanja namba kumi na nne, nyumba ya kuishi, mnada Jumamosi ya tarehe ishirini na saba Aprili. Mdaiwa ni mtoto wa jirani, ambaye mtaa mzima unamwita Tajiri kwa sababu utotoni hakuwahi kumgawia mtu pipi. Nimerekebisha koma moja, nikapitisha ukurasa.

Jioni nimepita kwa mama yake. Tunamwita Mama Mdogo ingawa si ndugu yetu. Nyumba yake na ya mama yangu zimetenganishwa na ukuta, na kwenye ukuta huo marehemu baba, aliyekuwa seremala, alitoboa mlango ili wanawake hawa wawili wasizunguke barabarani kila wanapoombana kiberiti. Nilimkuta kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

"Najua," alisema. "Ameniambia jana. Anasema benki wanamtisha tu."

"Wakifika gazetini, Mama Mdogo, wameshamaliza kutisha."

Aligeuza nguo, akaendelea kushona. "Basi nitahamia kwa mama yako. Ana chumba."

Jumatano, 6 Machi

Jua kali. Mama ametoa makasha ya zana za baba kwenye chumba cha nyuma na kukifagia. Anasema Mama Mdogo hapendi kulala karibu na dirisha.

Ijumaa, 8 Machi

Dalali wa mahakama ni mtu ninayemfahamu. Tumekaa benchi moja kwenye korido za mahakama miaka mingi, yeye akisubiri amri, mimi nikisubiri hukumu. Leo amekuja mtaani na mpimaji wa ardhi na kopo la gundi, na amesimama mbele ya mlango wetu.

"Bi Mwandishi," alisema. "Hapa ni kwako?"

"Kwa mama. Unayoitafuta ni ile ya vigae, nyuma ya ukuta."

"Na mimi nilifikiri hivyo. Hata picha ya benki ni ya ile ya vigae." Akamgeukia mpimaji. "Hebu mwonyeshe."

Mpimaji alikunjua ramani juu ya boneti ya gari, akaenda kwenye kona ya ua, akasukuma majani kwa ncha ya kiatu mpaka jiwe la mpaka likaonekana. Kumi na nne ni hii yetu, alisema. Ya vigae ni kumi na tano. Nilimwambia ramani imekosewa. Alijibu, bila ubishi, kwamba ramani inaweza kukosea, lakini jiwe limekuwepo hapo kabla ya nyumba.

Mama alikuwa ametoka na kusimama kizingitini. Ana miaka themanini na miwili na anasikia vizuri kuliko mimi.

"Ni kweli," alisema. "Kumi na nne ndiyo hii."

"Mama, hati yetu inasema ngapi?"

"Kumi na tano."

"Na tunakaa?"

"Kumi na nne. Si baba yako alibadilishana na mwenzake?"

Alitueleza pale pale mlangoni, dalali akiwa ameshika brashi. Nyumba hizi zilijengwa na mradi wa wafanyakazi, zikagawiwa kwa kuchota karatasi kwenye kofia. Baba alichota kumi na tano, ya ndani. Mwenzake, dereva wa malori, alichota kumi na nne, ya barabarani. Baba alitaka barabara kwa ajili ya wateja wa karakana. Dereva alisafiri usiku, akataka utulivu wa kulala mchana. Siku ya kuhamia walibadilishana funguo mbele ya wake zao na kupeana mikono. Hati zilipokuja, miaka baadaye, zilikuwa zimefuata kofia. Waume walizisoma, wakacheka, kila mmoja akaweka sandukuni ile yenye jina lake. Kuzirekebisha kulitaka wote wawili wafike pamoja ofisi ya ardhi, na kila walipopanga siku dereva alikuwa safarini. Kisha akafa dereva, halafu baba. Kaka yangu alishughulikia mirathi yetu, akamwandikisha mama. Tajiri alishughulikia ya kwao, akajiandikisha yeye. Hakuna aliyekwenda kwenye kona kutazama jiwe.

"Samahani, mama," dalali alisema mwishoni. "Inabidi nibandike."

"Bandika ukutani. Mlango huo marehemu aliupiga randa kwa mkono wake."

Akabandika ukutani.

Jumamosi, 9 Machi

Wanawake hawa wawili wamecheka leo mpaka Mama Mdogo akashika ukuta.

"Kwa hiyo miaka yote hii nafagia kwa watu," mama alisema.

"Na mimi je? Bati lako lilivuja nikamlipa fundi. Nirudishie, mwenye nyumba."

"Lipa kodi kwanza."

Siku nzima wameitana mwenye nyumba, mmoja akiuliza chumvi, mwingine akiuliza sindano. Sikucheka nao. Nimehudhuria kesi nyingi za rehani, na sijaona iliyoanza kwa watu kucheka ikaisha hivyo.

Jumanne, 12 Machi

Ofisi ya wakili iko juu ya duka la dawa. Ni kijana makini, husikiliza mpaka mwisho. Mama alimwita "baba", naye akamwita "bibi".

"Bibi, mumeo aliingia kwenye ile nyumba kwa nguvu?"

"Nguvu gani? Alipewa ufunguo, na wakanywa chai."

Wakili aliweka kalamu chini. "Angeingia kwa nguvu ingetufaa. Mtu akivamia, akakaa miaka kama hiyo bila kutolewa, sheria huanza kumtambua. Ninyi mlikaribishwa. Mliokaribishwa mnaweza kuambiwa mwondoke."

"Yaani adabu ndiyo imetuponza," mama alisema.

Makubaliano yangeweza kutetewa kama yangekuwa yameandikwa, au kama mmoja wa wale wanaume angekuwa hai. Wapo wake wawili, na mmoja ni mama wa mdaiwa. Wakili ataomba amri ya zuio, ili mnada usimame mpaka kesi isikilizwe. Hakutuahidi kitu. Nilipenda hilo, ingawa lingefaa zaidi kwa mteja mwingine.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua asubuhi, jioni manyunyu.

Nimemkuta Tajiri nyuma ya nyumba yao akikaza koki ya maji. Biashara yake ilikuwa majokofu makubwa ya kukodisha kwa wauza samaki na nyama. Umeme ulipokuwa ukikatika wiki nzima mwaka juzi, wateja walimrudishia majokofu na mizigo iliyooza ndani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ulijua?"

"Ningejuaje? Mthamini wa benki aliniuliza nyumba ipi. Nikamleta hapa. Nimezaliwa chumba kile pale." Alinyoosha kidole juu, kwenye paa. "Vigae nimeweka mimi. Kuna mtu anamwekea mwenzake vigae?"

Nimewahi kusikia washtakiwa wakisema maneno mazuri kuliko hayo. Nilirudi kwa njia ya mlango wa ukutani nikiwa nimekata shauri kwamba ni mwongo.

Jumapili, 17 Machi

Kaka amekuja. Ni mkaguzi wa mizani katika mji mwingine. Kazi yake ni kupita masokoni akiangalia kama kilo ni kilo. Alisema hati ya mirathi ilipotoka aliona kumi na tano akadhani ndiyo namba yetu. Wakati wa chakula akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, wewe huna shida. Una nyumba, tena nzuri kuliko hii. Tatizo ni kwamba kuna watu ndani yake."

Mama alimwongezea mchuzi.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Korido ya nyuma inavuja.

Jumatano, 3 Aprili

Mama ana kikohozi. Kila mwaka masika humwanza kifuani. Mama Mdogo ameleta maji ya tangawizi kupitia mlango wa ukutani, akasimama mpaka mama akamaliza kikombe.

"Kunywa, mwenye nyumba."

"Nakunywa, mwenye nyumba."

Jumanne, 9 Aprili

Mhariri ameuliza kama nataka kuandika habari ya nyumba yetu. Nimesema hapana. Suala liko mahakamani, na mwandishi haandiki habari ya mama yake. Amekubali upesi, kama mtu aliyekuwa akiomba nikatae.

Jumatano, 17 Aprili

Mahakamani. Nimekaa benchi la wadaawa, upande ambao sijawahi kukaa. Kutoka pale hakimu anaonekana kuanzia kidevu kwenda juu, mengine yamezibwa na majalada.

Wakili wetu alianza na picha. Benki ilikopesha kwa kuangalia nyumba ya vigae. Mthamini wake aliipima nyumba ya vigae, akahesabu hata madirisha yake. Sasa inauza nyumba ambayo hakuna mtu wake aliyewahi kuikanyaga. Alieleza vizuri. Wakili wa benki, mwanamke mwenye sauti ya upole, alisimama kwa muda mfupi sana. Benki haishiki rehani ya picha, alisema. Inashika rehani ya namba, na namba ni kumi na nne, na mwenye namba hiyo alisaini. Kama mthamini alipotea njia, hilo ni kati ya benki na mthamini.

Mama aliulizwa maswali machache. Je, anayo hati ya kumi na nne? Hana. Je, anayo hati yoyote? Anayo. Ya kiwanja gani?

"Cha jirani," mama alisema.

Watu wa nyuma walicheka. Hakimu hakucheka, wala Mama Mdogo, aliyekuwa amekaa mlangoni na mkoba wake mapajani. Nilimwona akigeuka kumtazama mama, na kumtazama kwa muda. Nadhani ndipo alipoelewa maana ya neno lile, mwenye nyumba, ambalo wamekuwa wakilitania tangu Machi.

Uamuzi wiki ijayo.

Jumapili, 21 Aprili

Kikohozi. Hakuna maji ya tangawizi leo. Mama amesema pengine jirani ana kazi nyingi.

Jumatano, 24 Aprili

Zuio limekataliwa.

Hakimu alisoma kwa haraka, nami nikaandika kwa mazoea, neno kwa neno. Amri ya zuio hutolewa pale ambapo hasara ya mwombaji haiwezi kufidiwa kwa njia nyingine. Mwombaji hapa ni mmiliki halali wa kiwanja namba kumi na tano, chenye ukubwa ule ule na jengo la thamani zaidi. Haiwezi kusemwa kwamba atabaki bila makazi. Kesi ya msingi inaweza kuendelea. Mnada nao uendelee.

Kwenye korido mama alinishika kiwiko. "Amesema nini?"

"Amesema una nyumba."

"Ipi?"

Nilimtazama wakili. Wakili alimtazama dalali, ambaye alikuwa amesimama pale kwa shughuli nyingine, na dalali akavua kofia yake, akaivaa tena.

Alhamisi, 25 Aprili

Asubuhi mama alikwenda na bakuli kwenye mlango wa ukutani. Mlango haukufunguka. Aliusukuma tena, akidhani umevimba kwa unyevu. Kila masika huvimba na baba alikuwa akiukwangua. Kwa upande wa pili kitu cha chuma kiligonga mbao.

Nilizunguka kwa barabara, kwenye matope, nikaingia kwa lango lao. Ni kufuli jipya, bado lina mafuta ya dukani.

Mama Mdogo alikuwa amesimama kati yangu na mlango wa nyumba yake. Nimemjua maisha yangu yote. Alinishonea sare ya shule na gauni la kazi ya kwanza.

"Umekuja na karatasi?" aliuliza.

"Karatasi gani, Mama Mdogo?"

"Sijui. Ninyi mnaojua kusoma ndiyo mnajua."

"Sikuja na kitu."

"Kaka yako alikuja Jumapili akipima ua wangu kwa hatua. Anaenda, anageuka, anaenda, anageuka. Nilikuwa dirishani."

Hilo sikulijua. Nilisema mama hana mpango wowote wa kumtoa. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma.

"Mama yako ni mtu mwema," alisema. "Na mimi nilikuwa mtu mwema, mpaka nikamwona hakimu akimwambia nyumba yangu ni yake. Usiku wa kuamkia leo sikulala. Nilikuwa natazama dari na kujiuliza vigae vile ni vya nani."

Niliporudi mama aliniuliza kama mlango umevimba. Nilisema ndiyo.

"Kufuli huwa linavimba?" alisema. Akaenda jikoni.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua kubwa tangu alfajiri, barabara imejaa maji mpaka magotini. Kwenye mnada wamefika watu wawili chini ya mwavuli mmoja, na mmoja wao alikuja kumshikia mwenzake mwavuli tu. Dalali alisoma masharti yote kwa sauti yake ya kazi, maji yakimtiririka kwenye kofia, akatangaza kuahirisha mpaka tarehe kumi na moja Mei. Mama alimpelekea taulo.

"Mungu ametusaidia," mama alisema jioni.

Nilitaka kumwambia kwamba minada inayoahirishwa hurudi na bei ya chini. Nilifunga madirisha.

Alhamisi, 2 Mei

Tangazo la pili limepita mezani kwangu. Sikuona kosa.

Jumatatu, 6 Mei

Siku ndefu. Naiandika kwa utaratibu ili nisiipambe.

Wakili alituita. Kaka alikuwepo. Juu ya meza kulikuwa na barua imeshachapwa, kumtaka Mama Mdogo aondoke kiwanja namba kumi na tano. Sahihi ya mama tu ndiyo iliyokuwa haipo. Wakili alisema hakuiandika kwa kupenda. Kaka alimwagiza, na ndiyo njia pekee ambayo sheria imetuachia. Ukiiacha, alisema, Jumamosi utakuwa huna nyumba na una hati.

Kaka hakupaza sauti. "Mama, mimi kazi yangu ni mizani. Huku kuna wewe, hudaiwi hata senti. Huku kuna Tajiri, aliyekula mkopo, analala chini ya vigae. Na wewe ndiye unayetolewa. Nambie ni mizani gani hiyo."

Tangu Machi nimekuwa nikimwona kaka kama mtu mwenye tamaa. Leo niliona swali lake ni la haki.

"Mwandikieni jirani hiyo kumi na tano, yaishe," mama alisema. "Mimi nitapanga chumba."

Wakili alikohoa. Ndipo tulipoambiwa jambo ambalo sikulijua. Mama Mdogo naye alisaini benki. Tajiri alimpelekea karatasi akiwa anampima mteja nguo, naye akasaini na chaki mkononi, kama mdhamini. Nyumba yetu ikiuzwa kwa bei ya chini ya siku hizi za mvua, haitamaliza deni. Kilichobaki watamdai yeye na mwanawe. Nyumba ya kumi na tano ikiandikwa jina lake, benki wataifuata.

"Na ikiwa na jina langu?"

"Hawana njia, bibi. Wewe hudaiwi."

Mama alifikiri. "Kwa hiyo nikimpa, wanamnyang'anya. Nisipompa, anakaa."

"Ndiyo."

"Basi isikae kwake. Ikae kwangu, naye akae ndani."

"Na ukifa, mama?" kaka alisema.

"Nitaandika wosia."

"Nitaupinga. Nakwambia leo, mbele ya wakili, usije ukasema nilijificha. Ni jasho la baba, na nina watoto."

Mama hakukasirika. Alimrudishia wakili kalamu yake, ikiwa bado na kifuniko. "Umeongea kama mwanaume," alimwambia kaka. "Sasa nipeleke nyumbani, kifua kinanibana."

Jumanne, 7 Mei

Mama ameweka kiti chake karibu na mlango wa ukutani na kusema na mbao.

"Jirani. Sikusaini."

Upande wa pili cherehani ilisimama. Mama alisubiri. Mvua ilikuwa nyepesi, ningeweza kusikia mtu akivuta pumzi kule. Kisha cherehani ikaendelea. Mama alikaa mpaka kiti kikalowa.

Alhamisi, 9 Mei

Tajiri amenisubiri nje ya gazeti. Alileta namba ya mtu anayesema anaweza kununua figo. Nilimwambia aende nyumbani. Nimemwona mwongo tangu Machi; kumbe ni mjinga tu, na anajua. Nilitembea naye mpaka kituoni, akasahau mwavuli wake, nikamrudishia.

Jumamosi, 11 Mei

Jua. Ningekuwa mshirikina ningelilaumu.

Watu walijaa uani mapema. Walipita vyumbani kwa amri ya mahakama, wakigonga kuta kwa vifundo vya vidole. Mwanamke mmoja alifungua kabati la mama na kulifunga. Mama alikaa sebuleni amevaa gauni lake la kitenge la harusini, akiwaitikia salamu, kwa kuwa wote walisalimia.

Dalali alinijia kabla ya kuanza. "Ningeweza kuugua leo," alisema. "Wangemleta mwingine."

"Najua."

"Mwingine angebandika mlangoni."

Ni kweli, nami nilimwambia ni kweli.

Mnada ulikwisha kabla sijamaliza kupanga kurasa zangu. Nilikuwa nimetoa daftari bila kufikiri. Mnunuzi ni muuza vipuri, mtu mstaarabu mwenye watoto wengi. Alimwomba mama achukue muda mpaka mwisho wa mwezi, akamshika mkono kwa mikono miwili. Halafu akauliza ule mlango wa ukutani unaelekea wapi.

"Kwa jirani," mama alisema.

"Nitauziba basi. Watoto wangu ni watundu."

Jumapili, 12 Mei

Asubuhi tulisikia kufuli likifunguliwa. Mama Mdogo alisimama kizingitini kwa upande wake, hakuvuka.

"Chumba kipo," alisema. "Nimeondoa vitambaa. Sikukiweka kitanda karibu na dirisha, kwa ajili ya kifua chako."

"Nilikufagilia wewe cha kwangu, mwezi wa tatu," mama alisema.

"Najua. Nilikiona."

Walisimama hivyo. Hakuna aliyesema mwenye nyumba.

Jumatatu, 20 Mei

Tumeanza kuhamisha. Kupitia mlangoni ni karibu zaidi kuliko barabarani, kwa hiyo kila kitu kinapita hapo: sufuria, godoro, makasha ya zana. Kabati halikupita. Tajiri alitaka kulitoa milango, mama akasema liachwe, baba alilitengeneza likiwa ndani.

Jumatano, 29 Mei

Fundi wa muuza vipuri ameziba mlango wa ukutani. Aliutoa kwanza, akauliza mbao azipeleke wapi. Zimeegeshwa kwenye ua wa Mama Mdogo. Kiwanja namba kumi na tano.

Wakili amepiga simu. Benki wameandika kumdai Mama Mdogo kilichobaki. Wameuliza ana mali gani. Mama Mdogo mwenyewe amejibu, kwa ukweli, kwamba ana cherehani.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekwisha, au karibu. Nimepanga chumba karibu na gazeti. Nimelala hapa sebuleni kwa Mama Mdogo juma hili mpaka mama azoee.

Hajazoea. Anauliza ruhusa. Asubuhi aliuliza kama anaweza kutumia kamba ya nguo, mchana kama anaweza kusogeza stuli. Mama Mdogo anajibu "Kwako hapo," halafu wote wawili wanageukia pengine. Sandukuni, chini ya kitanda cha mama, ndimo hati ilimo. Kaka amepiga simu kuulizia kifua chake. Anapiga kila siku, na naamini anaulizia kwa mapenzi. Mama Mdogo hutoka nje simu hiyo ikilia.

Kikohozi hakijaisha. Mama Mdogo amemnunulia dawa mbili na kumbadilishia blanketi. Anamkataza kukanyaga sakafu bila kandambili. Nilimshukuru, naye akanitazama usoni bila kukwepa.

"Nampenda mama yako, nawe unajua," alisema. "Lakini usinishukuru sana."

Jioni hii wako hivi: mama kitandani chumba cha nyuma, mlango wazi, Mama Mdogo kwenye cherehani, anamalizia sare za shule, Tajiri nje anakwangua mbao za mlango wa baba, sijui za kazi gani. Mimi mezani, naandika. Mama akikohoa, cherehani inasimama. Nimeifuatilia tangu alasiri. Kila akikohoa inasimama, na gurudumu linashikwa kwa kiganja lisizunguke hata kidogo, mpaka kifua kitulie.

Sasa hivi amekohoa tena, kwa muda mrefu. Cherehani imesimama. Hata Tajiri ameacha kukwangua.

"Nipo, jirani," mama amesema kutoka chumbani.

Cherehani ikaendelea.